Villa Borghese ya Roma: ilikuwa ya kadinali, wananchi waliipataje?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Kaka yangu ni padre, yuko Roma kimasomo, ametutumia picha za bustani moja kubwa sana inaitwa Villa Borghese, watu wanaendesha baiskeli, kuna ziwa, kuna mahekalu. Anasema zamani ilikuwa mali ya kadinali mmoja tajiri, baadaye mfalme akaitoa zawadi kwa wananchi. Mimi hapa Moshi naona haiingii akilini, tajiri gani anaachia eneo kama hilo katikati ya mji bure? Na kwanini waiite villa wakati ni bustani? Ukweli ukoje?"

Marahaba mdogo wangu. Huo wasiwasi wako uko sahihi kabisa, hakuna aliyeachia kitu bure. Mwambie padre kwamba ya kadinali amepatia ila ya mfalme amepigwa chenga na jina, nitakuja kueleza ni jina gani. Kwa kifupi ni kwamba watu wa Roma walizoea kuingia mle ndani miaka mingi sana, siku mwenyewe alipofunga mageti wakampeleka mahakamani na wakashinda, alafu baadaye ndo serikali ikanunua kwa hela. Kwa hiyo mambo yalianza na mazoea, ikafuata kesi, hela ikaja mwisho, na huo mpangilio ndo utamu wenyewe wa hii historia manake watu wengi wakiisimulia wanaanzia kwenye hela.

Tuanze na hilo neno. Villa kwa Waitaliano wa zamani haikuwa nyumba tu kama tunavyosema sisi "fulani kajenga villa Mbezi". Ilikuwa shamba zima la kupumzikia, yaani nyumba, bustani, mashamba ya mizabibu, visima, vibanda vya watumishi, vyote kwa pamoja ndani ya ukuta mmoja. Ukitaka kuelewa fikiria masultani wa Zanzibar, walikuwa na nyumba mjini alafu wana Mtoni kule nje, Marhubi kule nje, wanakwenda kupunga upepo. Hawa Borghese nao ilikuwa hivyohivyo, kwao hasa ni jumba lao kubwa mjini karibu na mto Tiber, na hii villa ilikuwa nje ya ukuta wa kale wa mji, ukitoka tu lango la Porta Pinciana. Leo mji umeizunguka pande zote ndo maana inaonekana iko katikati, ila enzi hizo ulikuwa unatoka mjini kabisa unaingia kwenye mizabibu.

Familia yenyewe asili yao ni Siena, mji mwingine kaskazini ya Roma, watu wa sheria sheria hivi, wana hadhi lakini sio matajiri wa kutisha. Mambo yakabadilika mwaka 1605, Camillo Borghese akachaguliwa kuwa Papa, akajiita Paulo wa Tano. Sasa huyu Papa alikuwa na dada yake anaitwa Ortensia, na dada ana kijana, Scipione, wakati huo ana miaka ishirini na nane hivi. Mjomba hakuchelewa, mwaka huohuo akampa ukadinali na akampa na jina la ukoo wake wa Borghese maana kijana kwa baba alikuwa Caffarelli. Wakati ule hicho kilikuwa cheo kinachojulikana rasmi, kadinali mpwa, kila Papa alikuwa na wake, ndiye anashika funguo za mambo mengi ya utawala na ndiye mapato yanapitia kwake. Hata lile neno la kizungu nepotismo linatokana na neno la Kiitaliano nipote, mpwa, sisi mtaani tunaita undugunaizesheni, kumbe chimbuko lake liko kwa kina Scipione na wenzake waliomtangulia. Na hapa naomba tusiwasingizie, haikuwa siri wala haikuwa aibu kwa vipimo vya wakati ule, ilikuwa namna ya familia ya Papa kujiimarisha haraka kabla Papa hajafa, maana akifa tu anakuja mwingine na mpwa wake mwingine.

Scipione akaanza na shamba la mizabibu la familia lililokuwepo tayari pale nje ya lango, akawa ananunua ya majirani mojamoja mpaka likawa eneo la maana. Akamweka fundi mkuu Flaminio Ponzio, huyo akafariki 1613 kazi haijaisha, ikamaliziwa na Mholanzi mmoja Jan van Santen ambaye Waitaliano ulimi uliwashinda wakamwita Vasanzio. Ile nyumba nyeupe nyeupe unayoiona kwenye picha za kaka yako, hiyo ndo waliyojenga, na ukiitazama haikujengwa kwa ajili ya kulala. Ilikuwa nyumba ya kupokelea wageni mchana, kula, kusikiliza muziki na hasa kuonyesha vitu. Kadinali alikuwa mgonjwa wa kukusanya sanaa, na uzalendo wangu kwa hiyo bustani haunizuii kusema jamaa alikuwa na mikono mirefu.

Sikiliza visa vitatu. Mwaka 1607 kulikuwa na mchoraji maarufu anaitwa Cavalier d'Arpino, ana studio kubwa, akakamatwa kwa kosa la kukutwa na bunduki zisizoruhusiwa. Picha zake zaidi ya mia moja zikataifishwa na hazina ya Papa, alafu Papa akamgawia nani? Mpwa. Ndani ya huo mzigo zilikuwemo picha za ujanani za Caravaggio, yule kijana mwenye kapu la matunda na yule anayeonekana mgonjwa mwenye zabibu, ndo maana mpaka leo ziko pale. Mwaka uliofuata, 1608, kwenye kanisa la Mt. Fransisko mjini Perugia kulikuwa na picha ya Raphael ya Yesu anapelekwa kaburini, imekaa pale miaka mia moja, mama mmoja wa ukoo wa Baglioni ndiye aliyeiagiza. Ikatolewa usiku, ikapelekwa Roma, watu wa Perugia wakaamka altare iko wazi wakalalamika sana, Papa akatoa tamko kwamba hiyo ni mali ya mpwa wake na wao wakaishia kupewa nakala. Alafu kuna mchoraji Domenichino, alikuwa amechora picha ya Diana na mabinti wakishindana kulenga mishale, kazi ya mteja mwingine kabisa ambaye naye alikuwa kadinali, Scipione akaitaka, Domenichino akasema hii sio yako, akawekwa ndani siku kadhaa mpaka akalainika. Ukienda leo unaikuta pale ukutani, wageni wanaipiga picha.

Ila huyohuyo ndiye aliyemwamini kijana Bernini, mchonga sanamu, akiwa bado hata miaka ishirini na tano hajafika, akampa marumaru na muda. Ile sanamu ya Apollo na Daphne ya 1622 mpaka 1625, ambapo binti anageuka mti na vidole vinaanza kutoka majani, marumaru imechongwa nyembamba mpaka mwanga unapita, mimi nimeiona mara nyingi sana na kila mara nazunguka kwa nyuma kuangalia vidole vya miguu vinavyoanza kuota mizizi. Kwa hiyo Scipione ni mtu wa kumlaumu na kumshukuru siku hiyohiyo, sijui utafanyaje.

Nisikupoteze kwenye sanaa, wewe umeuliza bustani.

Bustani ya kadinali haikuwa hii ya nyasi na njia za kujikunja unayoiona sasa. Ilikuwa ya mistari, imegawanywa sehemu tatu na kuta, sehemu ya mbele miti imepandwa kwenye miraba kama shamba la mikonge lilivyonyooka, sehemu ya nyuma ya nyumba kuna wanyama na miti ya kivuli, na sehemu ya tatu imeachwa kama shamba na pori la kuwindia. Ubavuni mwa nyumba wakatenga vibustani vidogo vya siri vyenye ukuta, vya maua adimu, na tulipu ndo zilikuwa fasheni ya matajiri wakati ule. Kukawa na nyumba ya ndege pia, kubwa, yenye makuba mawili ya waya juu, ile bado ipo. Na mpaka leo kuna kibonde kinaitwa Bonde la Miplatani kina miti mikongwe ya mviringo mkubwa ambayo inahesabiwa kuwa ni ya tangu enzi za huyohuyo Scipione, yaani ina miaka mia nne, imemwona mwenyewe.

Sasa sogea karibu hapa. Kadinali aliweka kwenye villa bango la jiwe la Kilatini, na maneno yake yamehifadhiwa. Nakutafsiria kwa Kiswahili changu, na Pincio ni kilima cha palepale: "Mimi mlinzi wa Villa Borghese ya Pincio natangaza hivi. Yeyote uliye, ilmradi ni mtu huru, usiogope hapa pingu za sheria. Nenda unapotaka, chuma unachotaka, ondoka unapotaka. Vitu hivi vimeandaliwa kwa ajili ya wageni kuliko kwa mwenye nyumba." Linaendelea kwamba katika zama za dhahabu mwenye nyumba amekataza kubandika sheria za chuma, rafiki sheria yake iwe ni nia njema, ila mtu akivunja adabu kwa makusudi basi msimamizi naye ataukasirikia huo urafiki na kuuvunja.

Kwa haki tukubaliane, hayo maneno hayakuandikwa kwa ajili ya muuza samaki. Yako kwa Kilatini, na wageni waliokuwa wanafikiriwa ni wasomi, mabalozi, watu wa tabaka lake. Na mtindo wa kuandika bango la ukaribisho ulikuwa unaigwa kutoka kwa Warumi wa kale, matajiri wengine wa Roma nao walikuwa nayo kwenye villa zao, kwa hiyo ilikuwa na kujionyesha ndani yake. Lakini ndo hivyo, limeandikwa, na limeandikwa kwenye jiwe. Mtu anaweza kusema "karibu nyumbani" kwa adabu tu, ila akishaiandika getini na watu wakaingia mwaka wa kwanza, wa kumi, wa mia, hilo neno linaanza kuwa na maisha yake.

Na waliingia kweli. Wasafiri wa Kiingereza wa miaka ya 1640 kama John Evelyn wameandika walivyozunguka humo. Baadaye karne ya 18 akaja Marcantonio wa Nne, tajiri mwenye macho, akaibadilisha villa kwa kufuata mtindo mpya wa Kiingereza wa bustani inayojifanya haikupangwa. Fundi wake Antonio Asprucci na mwanawe wakachimba ziwa na kujenga hekalu la Aesculapius, mungu wa tiba, kwenye kisiwa, hilo ndo hekalu la kwenye picha zako. Sio la kale, ni la miaka ya 1780. Kuna na magofu mengine mle ndani ambayo yalijengwa yakiwa magofu tayari, unajenga kitu kipya kwa mtindo wa kubomoka, Wazungu bwana. Wakatengeneza pia uwanja wa mviringo wenye ngazi za nyasi pembeni wakauita Piazza di Siena kukumbuka kwao.

Huo uwanja ndo ukawa wa watu. Roma ilikuwa na desturi ya Oktoba, mavuno ya zabibu yameisha, jua bado zuri, watu wanatoka nje ya mji kula na kunywa na kucheza ngoma, na Villa Borghese ikawa mojawapo ya sehemu kuu za hizo sherehe, kina Borghese wenyewe wakiandaa michezo. Fundi viatu na mke wake wanakaa kwenye nyasi hatua mia kutoka nyumba ya prinsi, yaani mkuu wa ukoo wa Borghese. Vizazi na vizazi. Mtoto anakua anajua pale ndo panaendwa, hajui wala hajali nani ana hati.

Napoleon nampitia haraka ingawa Waitaliano hawajamsamehe. Prinsi Camillo Borghese, mwingine huyu sio yule Papa, alimuoa dada yake Napoleon, Pauline, mwaka 1803, na mwaka 1807 shemeji mtu akalazimisha auziwe sanamu za kale za familia, mamia, hata zile zilizokuwa zimepachikwa ukutani nje ya nyumba zikabanduliwa, zikaenda Paris na ziko makumbusho ya Louvre mpaka kesho, ikiwemo yule mpiganaji maarufu anaitwa Gladiator wa Borghese. Kilichobaki cha kumbukumbu ya ile ndoa ni sanamu ya Pauline mwenyewe iliyochongwa na Canova, kajilaza kwenye kochi la marumaru, nguo hamna ya kusema, mwambie kaka yako apite hicho chumba kwa mwendo wa kipadre. Camillo baadaye akaongeza mashamba ya jirani, na mhandisi Luigi Canina akafungua mlango mpya upande wa Piazzale Flaminio, karibu kabisa na lango la watu wa kawaida wanapoingia mjini, na hii inaonekana ndogo lakini fikiria, umeweka mlango wako mkuu panapopita umati alafu baadaye unashangaa umati umeingia. Mwaka 1849 Wafaransa walipoizingira Roma, miti mingi ikakatwa na majengo kadhaa yakavunjika, wakapanda upya.

Sasa 1870. Jeshi la Italia linaingia Roma, utawala wa Papa juu ya mji unakwisha, na mwaka unaofuata Roma inakuwa makao makuu ya nchi mpya. Unajua mji ukishatangazwa makao makuu kinachotokea, si tumeona wenyewe Dodoma, viwanja vinapanda kila wiki. Roma ilikuwa na watu laki mbili na kitu, wakaanza kumiminika makarani, maafisa, mafundi, madalali. Matajiri wa zamani wenye villa kuzunguka mji wakagundua bustani yao ikikatwa viwanja inalipa kuliko zabibu za miaka mia. Jirani kabisa na Borghese, ng'ambo ya lango, kulikuwa na Villa Ludovisi, wageni wa Ulaya nzima walikuwa wanaiandika kama bustani nzuri kuliko zote mjini. Mwaka 1886 mwenyewe akaingia mkataba, miti ikaangushwa, ikapimwa, ikauzwa. Leo pale ni mtaa wa Via Veneto na mahoteli yake. Kama unataka kujua Villa Borghese ingekuwaje, hauhitaji kufikiria, vuka barabara uangalie.

Na Borghese walikuwa wameanza kuvuta kamba upande wao. Mwaka 1885 wakafunga mageti, hoja yao ikiwa nyepesi na kwa kweli ina mantiki ya mwenye mali: hii ni yetu, tumenunua, tuna hati, watu walikuwa wanaingia kwa hisani yetu, na hisani mwenye nayo anaweza kuisitisha siku yoyote. Manispaa ya Roma ikasema hapana, ikaenda mahakamani kwa niaba ya wakazi.

Ugumu ulikuwa hapa. Sheria ya kale ya Kirumi inajua haki ya mtu kupita kwenye shamba la mwenzake, hata sisi huku tunaijua, una shamba lako Uru au Kibosho, kuna kinjia watu wanapita kwenda mtoni tangu babu, siku ukiweka senyenge mjumbe anakuja. Lakini kisheria hiyo njia kwa kawaida inadaiwa na shamba kwa shamba, shamba la juu lina haki ya kupita kwenye shamba la chini. Sasa fundi viatu wa Roma hana shamba, amepanga chumba. Anadai kwa niaba ya ardhi ipi? Na tena hadai kupita, anadai kutembeatembea, kukaa kwenye nyasi, kupunga upepo. Mawakili wakaja na hoja kwamba mwenye haki hapa sio mtu mmojammoja, ni wananchi wa mji kama kitu kimoja, jumuiya, ambayo haifi wala haihami, na hiyo jumuiya imetumia hii bustani tangu enzi ambazo hakuna aliye hai anakumbuka mwanzo wake, wenyewe Borghese wakijua, wakikubali, wakijenga viwanja na milango kwa ajili hiyo. Na lile bango la kadinali nalo likawa linawatazama kina Borghese usoni, nenda unapotaka, ondoka unapotaka.

Tarehe 9 Machi 1887 mahakama ya juu ya Roma, inaitwa Cassazione, ikawapa ushindi wananchi. Haikusema bustani sio ya Borghese. Ikasema ni ya Borghese lakini umma una haki ya kuitumia, haki kamili sio hisani, na mageti hayawezi kufungwa kwa utashi wa mwenyewe. Mpaka leo wanasheria wa Italia wakibishana kuhusu mali za pamoja, fukwe, vichochoro, viwanja, hii kesi inatajwa. Na mimi nasema hapo ndo bustani ilipopatikana hasa, kabla hata senti moja haijatoka, maana sasa nani atanunua viwanja mahali ambapo wananchi wa mji mzima wana haki ya kuja kukaa Jumapili? Thamani ya ardhi kwa dalali ikawa imeshuka palepale, ukinunua unanunua na watu wake.

Usije ukadhani nasema kila zawadi ni uongo. Nairobi kuna Jeevanjee Gardens, mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliitoa kweli kwa watu wa mji mwanzoni mwa karne iliyopita, ikapewa sanamu ya malkia Victoria 1906. Lakini hata hiyo, mwaka 1991 baraza la jiji lilitaka kujenga maegesho ya magari pale, ikabidi wajukuu wa Jeevanjee na kina Wangari Maathai na wananchi wapige kelele ndo ikabaki. Zawadi nayo inahitaji wenyewe wa kuidai.

Turudi kwa Borghese maana wana balaa lingine. Biashara ya viwanja Roma ikapasuka mwishoni mwa miaka ya 1880, mabenki yakayumba, na familia ikiwa imeingiza hela nyingi humo ikaanguka vibaya. Kufika 1891 mambo ni kuuza, Papa Leo wa Kumi na Tatu akanunua maktaba yao, vitu vya jumba la mjini vikapigwa mnada, na picha zao maarufu zikahamishiwa kwenye ile nyumba ya villa. Lakini picha zenyewe hawakuweza kuziuza hovyo kwa sababu tangu 1833 familia ilikuwa imezifunga kwa utaratibu unaofanana fanana na wakfu wa familia kama wanavyofanya watu wa Lamu na Unguja, mali inarithiwa nzima na haigawanywi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1899 kina Rothschild, matajiri wa mabenki, walitoa ofa ya lira milioni 4 kwa picha moja tu ya Titian, ile ya wanawake wawili kwenye kisima, wakati nyumba nzima na kila kilichomo vilithaminiwa lira milioni 3.6. Haikuuzwa.

Mwaka 1901 serikali ya Italia ikanunua vyote, nyumba, sanaa na bustani. Sanaa na nyumba serikali ikabaki navyo, ndo makumbusho ya Galleria Borghese, na bustani ikakabidhiwa manispaa ya Roma mwaka 1903 iwe ya umma. Sasa jina nililokuahidi: mfalme Umberto wa Kwanza alikuwa ameuawa kwa risasi mwaka 1900, nchi bado ina msiba, wakaamua kuipa bustani jina lake, Villa Umberto I. Ndo hapo kaka yako alipoteleza, akaona jina la mfalme kwenye kitabu au kibao akadhani ndiye aliyetoa, mwenzake alikuwa kaburini. Na watu wa Roma jina hilo hawakulitumia hata kidogo, walisema Villa Borghese, wanasema Villa Borghese.

Yaliyofuata karne ya ishirini ni ya kawaida kwa bustani yoyote ya mji, kila mtu anamega. Mwaka 1908 wakajenga daraja kuiunganisha na bustani ya Pincio upande wa pili wa barabara, hilo zuri. 1911 upande wa kaskazini ukawekwa zuu, iliyopangwa na Mjerumani Carl Hagenbeck kwa mtindo wake wa kutumia mahandaki badala ya nondo, siku hizi inaitwa Bioparco. Majumba ya sanaa na vyuo vya nchi za nje vikapangana bonde la Valle Giulia. Mashindano ya farasi yako Piazza di Siena tangu 1922. Miaka ya 60 na 70 wakachimba maegesho makubwa ya magari chini ya uwanja mwingine wa farasi, juu nyasi chini Fiat, na mimi binafsi nimepaki humo nikajisikia msaliti. Kilichobaki ni kama hekta 80, karibu ekari 200, weka viwanja vya mpira zaidi ya mia. Shida yao kubwa saizi ni misonobari ile mirefu yenye kichwa kama mwavuli, kuna kidudu kinafyonza utomvu wake kimetoka Amerika ya Kaskazini na kinakausha miti Roma nzima.

Kwa padre, kama anataka kuona niliyoyasema, asiingie upande wa Pincio ambako kila mtu anaingia kupiga picha machweo. Aanzie Porta Pinciana, lango lenyewe la ukuta wa kale, asimame ageuke nyuma atazame Via Veneto dakika moja, hiyo ndo Ludovisi, alafu ndo aingie. Bustani ni bure na haina tiketi. Makumbusho ni ya kulipia na lazima abuki mapema kwa muda maalumu, wanaingiza kwa zamu za masaa mawili alafu wanawatoa wote, wengi wanafika pale mikono mitupu wanarudishwa. Akiwa ndani atafute sanamu ya Pluto anayemnyakua Proserpina, hiyo Bernini aliichonga kwa ajili ya Scipione, Scipione akamhonga kadinali Ludovisi, mpwa wa Papa mpya, Papa alipobadilika, ikakaa villa ya jirani mpaka jirani akauza viwanja, na serikali ikairudisha pale mwaka 1908. Alafu amalizie kwenye Bonde la Miplatani, akae chini ya ule mkubwa, avue viatu kama anataka.

Ila maua asichume. Hicho kipengele cha bango manispaa haikirithi, faini ipo.